Ramani Inaishia Kwenye Mihogo

3 Machi, Kwamndolwa

Binti yangu Shamsia ameniagiza niweke daftari la wateja: nani kapiga simu, anataka nini, habari zetu kazipata wapi. Anasema biashara isiyojua wateja wake wanatokea wapi inatangaza gizani. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili pale Korogwe mjini. Wateja wa leo ni wawili. Kurasa zitakazobaki nitaandika mambo yangu, maana nimefundisha miaka thelathini na minne na siwezi kuvumilia kuona karatasi imekaa tupu.

Wa kwanza ni mama lishe wa stendi, magunia mawili ya mkaa, kasikia kwa jirani yangu Mashavu. Wa pili katuona mtandaoni, kafuata ramani ya simu, na ramani ikamwacha katikati ya shamba la mihogo ng'ambo ya msikiti. Alipiga simu, nikamfuata. Nyuma ya msikiti kuna njia ya mkato ya dakika tano, lakini ina korongo na matope, kwa hiyo kurudi tulizunguka barabara kubwa, dakika ishirini. Tukazungumza habari za shule aliyosoma. Kijana mwenye adabu.

Mfungo wa pili leo. Nimefuturu uji na tende tatu, peke yangu.

5 Machi

Daftari ni langu, basi niieleze na biashara yenyewe. Tunatengeneza mkaa wa magunzi. Ukasha, mtu wa Handeni, anakusanya magunzi ya mahindi, anayachoma kwenye mapipa hukohuko, ananiletea chenga nyeusi kwenye magunia. Mimi na Mashavu tunazisaga, tunachanganya na uji wa muhogo, tunakandamiza kwa mashine ya mkono, tunaanika juani. Mwanangu Shamsia, aliyeko Dar es Salaam, ndiye aliyetufungulia ukurasa wa mtandaoni, na juu kabisa ameandika kwa herufi kubwa: HAKUNA MTI ULIOKATWA. Anasema watu wa siku hizi wanataka kununua kitu kisichowasuta. Anasema pia mtu akiandika kwenye simu "mkaa bila moshi Korogwe", sisi ndio tunatokea wa kwanza. Nimejaribu, ni kweli. Nimetokea mimi mwenyewe nimesimama kando ya pipa kama mtu aliyekamatwa na kidhibiti.

Alama ya ramani aliiweka yeye kutoka hukohuko Dar, kwa kukisia, kwa sababu hajawahi kufika hapa. Tuliishi Magoma muda wote niliofundisha. Nyumba hii nilikuwa naijenga kwa ajili ya kustaafu, na mama yake alifariki kabla haijaezekwa. Nilipohamia, Shamsia alisema hawezi kulala kwenye nyumba ambayo mama yake hakuiona ikiisha. Huu ni mwaka wa tatu. Ananipigia kila wiki bila kukosa, ila tunazungumza mkaa.

8 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hakuna kilichokauka.

11 Machi

Shamsia kapiga. "Shikamoo baba. Jana mteja alikupigia dakika kumi na moja. Ameandika kwenye maoni kwamba una salamu ndefu."

"Kaandika vibaya?"

"Kakupa nyota tano. Lakini wengine watachoka, baba. Mteja anataka bei, anataka kujua ulipo, basi."

"Nilimwuliza habari za wazazi. Wako Magoma, babake namfahamu."

Halafu kanifundisha kurekebisha ramani: nisimame uani, nifungue ukurasa, nibonyeze mahali niliposimama, halafu nithibitishe. Anasema watu wanaopotea hawarudi tena. Nikasimama uani, nikafanya yote. Kitufe cha kuthibitisha sikukibonyeza. Nimemwambia simu imegoma.

Sijui kwa nini nimedanganya. Au najua. Wiki hii watu watatu wamepotelea kwenye mihogo, na kama wasingepotea wangefika mlangoni, wangepakia gunia, wangeondoka.

15 Machi

Ukasha kaleta magunia ishirini akafuturu hapa. Mashavu alituletea magimbi. Ukasha ni mcheshi, anacheka mpaka anashika mkeka. Ndiye mtu pekee mwezi huu niliyekula naye sahani moja.

19 Machi

Mvua.

20 Machi

Mvua. Nailoni ya kuanikia imetoboka.

31 Machi

Idi. Niliswali, nikasalimiana na watu, nikarudi. Shamsia alipiga: Idi njema baba, na kule kwenye ukurasa nimeweka salamu za sikukuu kwa wateja, uzione. Nimeziona. Zimeandikwa vizuri. Zinasema "kutoka kwa familia yetu".

6 Aprili

Ukasha kaleta magunia thelathini. Mazito kuliko kawaida. Anasema ni unyevu.

10 Aprili

Mashavu aliacha kusaga, akashika chenga mbili akazigonganisha sikioni mwangu. Zililia kama chupa.

"Mwalimu, gunzi halilii hivi."

"Labda limechomwa sana."

"Labda," akasema, akaendelea kusaga. Mashavu si mtu wa kurudia neno, na mimi sikumwomba alirudie.

14 Aprili

Mkaa wa safari hii unakaa jikoni muda mrefu. Mama lishe wote wanausifu. Nyota tano mara nne kwa wiki moja. Shamsia ana furaha, anasema tumepanda hata kwa wanaotafuta kutoka Tanga mjini.

20 Aprili

Siku kubwa. Hoteli moja ya Tanga imetuona mtandaoni. Inataka kuwaonyesha wageni wake kwamba inajali mazingira, na inataka magunia mia kila mwezi. Mtu wao atakuja tarehe ishirini Mei kukagua tunavyofanya kazi, na Shamsia atakuja naye.

"Nitalala huko siku mbili, baba. Kuna chandarua?"

Nikasema kipo. Hakikuwepo. Nimekwenda mjini mchana huohuo kwenye duka la Bi Shirin, nimenunua chandarua, godoro na shuka la maua. Bi Shirin akaniuliza kama naoa. Nikamwambia binti yangu anakuja. Nikamwambia na dereva wa bodaboda, na muuza vocha.

27 Aprili

Tumepewa nyota moja. Mtu anaitwa Mustafa. Hakuandika neno.

28 Aprili

Shamsia anasema nyota moja isiyo na maneno tuijibu kwa heshima na kwa ufupi: "Tunasikitika, tafadhali wasiliana nasi." Inawezekana ni mshindani.

"Nimemkosea nini?"

"Hujui, baba. Ndivyo mtandao ulivyo, huwezi kujua."

Mimi nimekua nikiona kwamba ukimuudhi mtu unamwendea kwake, unakaa, unauliza. Picha yake inamwonyesha amesimama mbele ya mashine ya kusaga, na ukutani pameandikwa Handeni. Handeni si Marekani.

3 Mei

Nimekwenda Handeni. Basi la asubuhi, mvua njia nzima, kanzu imelowa mpaka magotini. Stendi nilimwonyesha mama wa vitumbua ile picha. Akacheka, akasema huyo ni Mustafa wa mashine, pita hapo nyuma ya soko.

Nilimkuta anafunga gunia la unga. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, unga mpaka kwenye nyusi. Nikajitambulisha.

"Shikamoo mwalimu," akasema. Akaweka kamba chini. "Umetoka Korogwe kwa sababu ya ile nyota?"

"Nimekuja kuuliza nimekukosea nini."

Alinivutia kigoda, akamtuma mkewe alete chai, na mama yake mzazi akatoka ndani akanisalimu kwa Kizigua, nami nikajibu kwa kile nilichobakiwa nacho. Tulikunywa chai kwanza. Halafu Mustafa akanipeleka nyuma ya mashine. Palikuwa na lundo la magunzi linalofika kifuani, yameloa, yameota ukungu mweupe.

"Haya Ukasha alikuwa anayachukua kila wiki," akasema. "Tangu mwisho wa Ramadhani hajayagusa. Hayachomeki na mvua hii. Lakini magunia kwenda Korogwe nayaona yanapita."

Tukapanda pikipiki yake mpaka nje ya mji, mpakani mwa shamba la marehemu babake. Nilihesabu visiki kumi na saba, vingine vinene kuliko kifua changu. Kando yake palikuwa na mahali palipochomewa mkaa, ardhi nyeusi, bado inanuka moshi ndani ya mvua. Mustafa alisema miti ile babake alikataza isiguswe kwa sababu ndiyo inayoshika kijito. Walikatiwa wakati wao wako msibani Kilindi.

"Nilitafuta kwenye simu nijue mkaa ule unaishia wapi," akasema. "Nikauona ukurasa wako. Hakuna mti uliokatwa. Nilitaka kuandika, mwalimu, wallahi, nikafuta mara tatu. Nikabonyeza nyota moja nikaweka simu mfukoni."

Nilikuwa nimebeba pakiti ya sukari na gunia dogo la mkaa wetu, zawadi ya kuombea radhi. Sukari nilimpa mama yake. Mkaa nilirudi nao.

4 Mei

Ukasha alikuja mwenyewe, habari zilikwisha kumfikia. Hakukaa mkekani. Alisimama mlangoni.

"Magunzi yameloa, mwalimu. Na wewe ulitaka magunia thelathini, ukataka na mia. Ningeyatoa wapi?"

"Ungeniambia hayapo."

"Nilidhani umejua. Uliyanyanyua wewe mwenyewe yale magunia. Ukaniambia mkaa wa safari hii ni mzuri, niongeze."

Ni kweli nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia asije tena na chenga mpaka mahindi mapya, na aende kwa Mustafa akaombe radhi. Aliondoka bila kuaga. Nimekaa na sahani ya wali wa watu wawili.

5 Mei

Shamsia kapiga. Mtu wa hoteli amethibitisha tarehe ishirini. Aliuliza dirisha la chumba atakacholala linaangalia wapi. Nikamwambia linaangalia mpapai. Akasema mama alipenda mapapai. Ni mara ya kwanza kumtaja mama yake kwenye simu ya mkaa.

Sikumwambia.

6 Mei

Sikumwambia. Mvua.

7 Mei

Mvua. Mashavu kauliza tusage nini, maana chenga za Ukasha bado zipo magunia kumi na moja. Nikasema tupumzike. Akanitazama, akaenda kwake.

8 Mei

Nimejaribu hesabu zote za mwalimu mvivu. Kwamba visiki vimeshakuwa visiki. Kwamba tarehe ishirini ikipita nitamweleza Shamsia uso kwa uso, na baada ya hapo tutatumia magunzi tu. Kwamba mtu wa hoteli hatagonganisha chenga sikioni. Kila hesabu inatoka vizuri, na kila nikiimaliza naliona lile shuka la maua, nalitandika upya.

9 Mei

Nikimpigia Shamsia kwanza atanishawishi, na nitashawishika upesi kwa sababu ndicho ninachotaka. Kwa hiyo nimeanza na Mustafa. Nimefungua ukurasa, nikaenda kwenye nyota yake, nikajibu. Nimeandika kwa kidole kimoja tangu adhuhuri mpaka alasiri. Nanakili hapa:

"Ndugu Mustafa. Nyota yako ni ya haki. Tangu tarehe sita Aprili mkaa wetu umetokana na miti iliyokatwa Handeni, mingine ikiwa ya marehemu baba yako, wala si magunzi. Aliyenunua kuanzia siku hiyo tumemdanganya, na akitaka alirudishe gunia lake. Aliyeleta ana kosa lake. Langu ni hili: magunia yalikuwa mazito nikayanyanyua, nikaambiwa na ninayefanya naye kazi, nikanyamaza. Nilinyamaza kwanza kwa sababu mkaa ulisifiwa, kisha kwa sababu palikuwa na mteja mkubwa wa kuja, na mteja huyo angekuja na binti yangu, ambaye sijamwona miaka mitatu. Hilo halikukuhusu wewe wala miti yenu. Naomba radhi. Mhina, mwalimu mstaafu, Kwamndolwa."

Kisha nimefuta yale maneno ya herufi kubwa juu ya ukurasa. Pamebaki peupe, sijui pa kuandika nini.

10 Mei

"Baba, umeandika nini?"

Hata shikamoo hakunipa, na hilo halijapata kutokea.

"Ukweli."

"Ungenipigia kwanza. Nimesoma pamoja na watu wa hoteli, baba, walinipigia wao ndio nikafungua. Kazi ya mwaka mzima. Na mimi umeniweka pale, kila mtu anasoma kwamba siji kukuona."

"Sikusema huji. Nimesema sijakuona."

Akakata. Mashavu alikuwa uani anafua, akaniletea kiti bila kuniuliza chochote.

13 Mei

Wanne wamerudisha magunia. Wa tano alikuja na gunia lake, akakaa, akazungumza, akaondoka nalo.

17 Mei

Tukitafutwa sasa tunatokea wa sita. Ukasha amepita na pikipiki barabarani. Hakugeuka.

20 Mei

Tarehe ishirini. Nilifagia ua hata hivyo. Hakuja mtu.

21 Mei

Mvua kidogo. Shamsia hajapiga. Hizi ni siku kumi na moja.

24 Mei

Mustafa kaleta magunzi kwa gari la mpunga, magunia manane, aliyatandaza chini ya paa la mashine wiki mbili mpaka yakakauka. Hataki kuitwa mshirika, anasema yalikuwa yanamjazia nafasi. Tumeyachoma hapahapa kwenye pipa, mimi na yeye na Mashavu, tumepaliwa na moshi mpaka tukacheka. Mkaa wake ni mwepesi, unawahi kwisha. Mashavu amesema niandike hivyohivyo kwenye ukurasa, na nimeandika: "Mkaa wa magunzi. Unakwisha upesi kuliko mkaa wa mti. Mvua ikizidi hatuna." Nyota yake Mustafa ameiacha palepale. Anasema ataiangalia tena baada ya mavuno.

31 Mei

Simu imeleta takwimu za mwezi. Waliotuona, mia mbili na sita. Waliopiga, tisa. Walioomba kuonyeshwa njia, wawili. Hao wawili nawakumbuka, niliwafuata wote. Mmoja alikuwa fundi wa redio, mwingine alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, nikamshikia mwavuli.

Nimesimama uani, nimefungua ramani. Mvua zinaisha, mtu akipotea sasa anapigwa jua tu bure. Nikasema leo nitabonyeza. Nikaahirisha mpaka kesho.

2 Juni

Sijabonyeza.

5 Juni

Saa tisa alasiri simu iliita. Nilikuwa nageuza mkaa juani, vidole vyeusi, nikaipokea kwa kiwiko.

"Baba."

"Naam."

"Nipo kwenye mihogo."

Nilipita njia ya mkato nyuma ya msikiti. Korongo limekauka, sikuhitaji hata kukunja suruali. Nilimwona kabla hajaniona. Amesimama kati ya matuta na begi dogo, viatu mkononi, anaitazama simu, kisha mihogo, kisha simu tena. Amekonda. Ananyanyua nyusi kama mama yake akikuta hesabu haikubali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Akanitazama vidole. "Hii alama nilikwambia urekebishe tangu mwezi wa tatu."

"Uliniambia."

"Ulisema simu imegoma."

"Haikugoma. Wanaopotea wananipigia, nami nawafuata. Tunarudi tunazungumza."

Aliinama akavaa viatu, kimoja, kingine, akakawia sana kwenye kamba. Aliponyanyuka macho yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa ya ukali.

"Lile jibu lako nimelisoma ofisini, nimelisoma kwenye basi, nimelisoma hapa nikikusubiri. Ungeweza kuniambia mimi, baba. Siyo Mustafa."

"Nilikuwa nakwambia bei ya magunia."

"Na mimi nilikuwa nakuuliza bei ya magunia," akasema.

Nikachukua begi. Lilikuwa jepesi, la siku mbili tatu, sikuuliza ngapi. Akafuta uso kwa upindo wa mtandio, akatazama huku na huku, msikiti, mabati ya nyumba za watu, vumbi la barabarani.

"Nyumbani ni mbali?"

"Si mbali," nikasema.

Tukazunguka barabara kubwa. Aliniuliza mpapai ule ni wa aina gani, nani alimwonyesha Mashavu kukandamiza mkaa, mama aliwahi kufika hapa mara ngapi nyumba ikiwa bado kuta. Nilimjibu moja moja, polepole. Njia ya mkato sikumwonyesha.